Bango, Herufi na Adabu ya Nafasi

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hufundishwa mapema kuhesabu mizani na kupima vina. Huambiwa kuwa ubeti uliopungukiwa na mizani moja ni kiwete, na kwamba sikio lililozoea hukitambua kilema hicho kabla akili haijaanza kuhesabu. Mafunzo hayo ni mema, wala sina nia ya kuyapunguzia heshima. Lakini yako maandishi ya Kiswahili yanayosomwa na watu wengi kuliko diwani zetu zote, nayo mpaka leo hayajapata hakimu. Hayo ni maandishi ya mabango: tangazo la chanjo katika ukuta wa zahanati, bei ya majani mabichi katika kituo cha kupimia chai, onyo la barabarani, jina la duka, wito wa mkutano. Husomwa kwa kusimama au kwa kupita, na aghalabu kwa haraka. Makala haya yanakusudia kuyatendea kama tunavyoyatendea mashairi, yaani kuuliza yameundwaje, uzuri wake uko wapi, na kama yanamtendea msomaji haki au dhuluma.

Nimechagua kuyatazama mambo haya kutoka Tukuyu, makao makuu ya wilaya ya Rungwe, kwa sababu mahali hapa humtia mwandishi wa mabango katika mtihani mgumu. Mvua ya huku hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu hushuka milimani hata mchana ukafanana na alfajiri. Karatasi iliyobandikwa nje haidumu. Kwa hiyo herufi za hadharani huandikwa kwa rangi juu ya bati, ubao au ukuta, na siku hizi juu ya turubai lililopigwa chapa. Bango lisilosomeka katika ukungu wa Rungwe halisomeki, hata likiwa zuri namna gani mezani pa aliyelichora. Aidha, wenyeji ni watu wa kilimo na biashara: chai, kahawa, ndizi, viazi na parachichi. Kwao namba iliyoandikwa vibaya katika bao la bei inaweza kuwa hasara ya wiki nzima.

Herufi za Kilatini zina historia yake hapa. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na baadaye Wadachi wakauita mji huu Neu-Langenburg, wakajenga boma ambalo kuta zake zimebaki zikitumika kwa kazi za serikali. Shule, kanisa na kodi viliingia pamoja na abjadi. Nayo nchi hiyo hiyo ya Ujerumani, ambayo wakati ule ilichapa vitabu vyake vingi kwa herufi nzito za zamani zenye pembe na mikunjo, ndiyo iliyokuja kuwa uwanja wa mapambano makubwa juu ya sura ya herufi. Mwaka 1919 ilianzishwa katika mji wa Weimar shule ya sanaa iliyoitwa Bauhaus. Ikahamia Dessau mwaka 1925, na ikafungwa mwaka 1933 baada ya Wanazi kushika dola. Mwaka 1927 Paul Renner alitoa herufi za Futura, zilizojengwa kwa duara na mstari ulionyoka. Mwaka 1928 Jan Tschichold alichapisha kitabu juu ya sanaa mpya ya kupanga herufi, kikawa kama katiba ya wanausasa. Baada ya vita, Uswisi iliendeleza mafundisho hayo, na mwaka 1957 zikatokea aina mbili za herufi zilizoenea ulimwenguni: ile iliyokuja kuitwa Helvetica, na Univers ya Adrian Frutiger.

Mafundisho ya watu hawa yaweza kufupishwa hivi. Herufi iwe tupu, isiyo na vimikia miguuni wala kichwani. Maneno yasipangwe katikati ya karatasi kwa desturi tu, bali yakae pale maana yake inapoyaweka. Kitu kikuu kiwe kikubwa, na kidogo kiwe kidogo kweli. Picha na neno vifanye kazi moja. Na zaidi ya yote, nafasi iliyoachwa wazi ihesabiwe kuwa sehemu ya kazi, isionekane kama shamba lisilolimwa.

Katika hayo yote, nafasi ndiyo iliyo ngumu kukubalika. Mtu asiyezoea hulitazama bango lenye maneno matatu na uwazi mkubwa, akasema kuwa mchoraji amefanya uvivu au mwenye fedha amepunjwa. Lakini mwanafunzi wa ushairi hana udhuru wa kusema hivyo. Anajua kuwa kati ya ukwapi na utao pana pumzi, na kwamba pumzi hiyo haina silabi hata moja, lakini ikiondolewa mshororo huanguka. Anajua pia kuwa msemaji hodari barazani hujulikana kwa mahali anaponyamaza. Nafasi nyeupe katika bango ni kimya cha namna hiyo. Humwambia msomaji: nimekuchagulia lililo muhimu, sitakupotezea wakati. Ndiyo maana naiita adabu.

Nitoe mfano mmoja wa kazi iliyofikia kilele cha sanaa hii. Mwaka 1953 Josef Müller-Brockmann wa Zürich alichora bango kwa ajili ya chama cha wenye magari cha Uswisi, la kuwahimiza madereva wawe na hadhari. Maneno yake ya Kijerumani ni matatu tu, na maana yake ni «Mlindeni mtoto!» Picha zake ni mbili: pikipiki iliyo karibu mno na jicho, gurudumu lake likiwa kubwa kupita kiasi, na mbele yake mtoto mdogo anayekimbia. Hapana damu, hapana maiti, hapana orodha ya sheria. Hofu yote imo katika tofauti ya vipimo. Pikipiki imeshika sehemu kubwa ya karatasi kama jambo lisilozuilika, na mtoto amebaki na sehemu ndogo kama jambo linaloweza kufutwa. Msomaji hupima umbali ulio kati yao kwa jicho lake mwenyewe, na kabla hajasoma neno amekwisha kanyaga breki moyoni. Mchoraji hakumwambia kuwa hatari ipo, alimfanya aione. Hiyo ndiyo kazi ambayo mshairi huifanya kwa taswira.

Bango hilo lingeeleweka Tukuyu bila mkalimani. Barabara itokayo Mbeya hupita hapa ikiteremka Kyela hadi mpaka wa Malawi huko Kasumulu, nayo hubeba malori, mabasi na pikipiki za abiria, huku watoto wa shule wakitembea kandokando katika ukungu. Lakini maonyo mengi tunayoandika sisi huanza kwa jina kamili la ofisi, yakafuata majina ya wafadhili na nembo zao, kisha kichwa cha kampeni, kisha sentensi ndefu yenye «kwa mujibu wa», na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo kuliko zote, lile jambo lenyewe. Dereva ameshapita. Bango la namna hii limeandikwa ili wakubwa waone kuwa limeandikwa, msomaji hakukumbukwa.

Haifai kusema kuwa ufupi wenye nguvu ni mali ya Wazungu. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya afya kwa redio na vikundi vya kujisomea, ikawafikia watu wapatao milioni mbili, wakijadili malaria, kuhara, kichocho, safura na kifua kikuu. Jina lake lilikuwa «Mtu ni Afya». Litazame jina hilo kwa jicho la mchapaji. Ni maneno matatu, herufi tisa. Neno la kwanza na la mwisho ni majina yenye uzito, na katikati pamekaa «ni», dogo, kama mhimili wa mizani unaobeba sahani mbili. Halina kitenzi cha kuamuru, halimtishi mtu, wala halimwiti mjinga. Linaweza kuandikwa ukutani kwa mkono wa mtu yeyote, na likasomwa na mtu aliyejifunza kusoma jana. Aliyelitunga alitunga bango hata kabla rangi haijaletwa.

Tena tunao ushahidi mkongwe zaidi, unaovaliwa kila siku. Kanga ni kazi ya usanifu iliyokamilika. Ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, na chini ya mji ina jina, yaani ule msemo wa mstari mmoja. Sehemu hizi tatu hazibadiliki, na ndani ya sheria hiyo isiyobadilika wachoraji wamevumbua michoro isiyo na idadi. Jina la kanga liliandikwa zamani kwa herufi za Kiarabu, kisha likaandikwa kwa herufi kubwa za Kilatini, nene, zisizo na vimikia, na aghalabu limepewa nafasi yake lenyewe bila kubanwa na maua. Mwanamke wa sokoni Tukuyu anapochagua doti, hutazama rangi na mchoro, lakini pia husoma, hucheka, hufikiri nani atalisoma jina hilo mgongoni mwake. Hapana mwanafunzi wa Bauhaus aliyepata kuunganisha neno, umbo na matumizi kwa mafanikio ya kila siku kuliko hayo. Hivyo basi tunapozisifu kanuni za Uswisi tusizisifu kama watu walioonyeshwa moto kwa mara ya kwanza. Moto tulikuwa nao jikoni. Hatukuwa tumeuandikia insha.

Mfano wa tatu umo katika alama za taifa, nao unafaa kwa sababu unaweka njia mbili ubavu kwa ubavu. Bendera ya Tanzania, iliyopatikana mwaka 1964 baada ya Muungano, ni utepe mweusi wenye kingo za dhahabu, unaopanda kutoka pembe ya chini iliyo upande wa mlingoti hadi pembe ya juu ya upande wa pili, ukigawa kijani na buluu. Haina neno, haina mnyama, haina silaha. Mwendo wake wa kupanda mshazari ni ule ule waliouhubiri wanausasa, na mtoto wa darasa la kwanza huweza kuichora kwa kumbukumbu. Ngao ya taifa ni kinyume chake: mwenge, mkuki, shoka na jembe, mawimbi, pembe za ndovu, mwanamume na mwanamke, mlima, karafuu na pamba, na utepe wenye maneno «Uhuru na Umoja». Sisemi kuwa ngao ni kazi mbaya. Ngao husomwa kwa utulivu, katika hati na sarafu, kama utenzi mrefu unaotaka msikilizaji aliyeketi. Bendera husomwa kwa mbali, katika upepo. Kosa si wingi wa mambo. Kosa ni kuupandisha utenzi juu ya mlingoti.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa mwalimu wa Kiswahili ni zito kuliko yote. Wanausasa walidai kuwa sheria zao zawafaa wanadamu wote. Hapa yatupasa kusimama na kuhoji. Mwaka 1925 Herbert Bayer, aliyekuwa Bauhaus, alipendekeza kuwa herufi kubwa ziachwe kabisa, watu waandike kwa herufi ndogo tu. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu katika Kijerumani, ambamo kila nomino huanza kwa herufi kubwa, na ukurasa mzima hujaa vilima. Katika Kiswahili herufi kubwa huanza sentensi na majina maalumu tu. Shida aliyotaka kuiponya Bayer sisi hatuna. Anayeiga dawa yake bila kuwa na ugonjwa wake anaiga mtindo, hakuelewa kanuni.

Kinyume chake, Kiswahili kina shida zake ambazo hapana bwana wa Zürich aliyezifikiria. Lugha yetu imejaa irabu, na imejaa m, n na w. Andika kwa herufi ndogo neno «mwanamume»: herufi tisa, na hapana hata moja inayopanda juu wala kushuka chini ya mstari. Andika «mazao»: hali ni hiyo hiyo. Neno la namna hii huonekana kwa mbali kama ua la mianzi lililokatwa sawasawa, na jicho halipati pa kushika. Basi mchapaji wa Kiswahili humlazimu kuchagua herufi zenye matumbo mapana, na kuzipa nafasi ya kupumua baina yake, kuliko mwenzake wa Kiingereza mwenye wingi wa d, f, h na t. Pia maneno yetu hurefuka kwa viambishi. «Wasioandikishwa» lina herufi 15, na linapolazimishwa katika safu nyembamba yenye kingo mbili zilizonyoka, ama hukatwa vipande, ama huacha mashimo meupe katika mstari uliotangulia. Dawa yake ilionyeshwa na Mwingereza Eric Gill katika kitabu chake cha mwaka 1931, alichokipanga ukingo wa kulia ukiwa haukunyoka. Upangaji huo, ambao kwa Kiingereza ni hiari, kwa Kiswahili waelekea kuwa lazima.

Kisha iko alama ndogo ambayo wachapaji wetu huionea sana. Ng'ombe ana kibainishi katika jina lake. Kikiachwa, kama mabango mengi ya dawa za mifugo yanavyokiacha, sauti ya «ng'ombe» inageuzwa kuwa ile ya «ngoma» na «nguo». Katika wilaya yenye wafugaji wa ng'ombe wa maziwa karibu kila kijiji, hili si jambo la kudharau. Herufi iliyo safi kama kioo lakini inayokosea jina la mnyama haikufanya kazi yake.

Hapana budi pia kuwasikiliza wanaopinga. Watasema kuwa mwandishi wa mabango wa Tukuyu, anayechora herufi zenye vivuli vyekundu na manjano juu ya mlango wa kinyozi, akaongeza kichwa chenye nywele, mkasi na ua, amefanya kazi yenye uhai kuliko bango tupu la Kiswisi. Nakubali. Kinyozi anamkaribisha mgeni, na ukarimu una haki ya kuwa na maneno mengi. Tschichold mwenyewe alifika mahali hapo. Wanazi walimkamata mwaka 1933, akahamia Uswisi. Na baadaye aliona kuwa ukali wa mafundisho yake ya ujanani ulikuwa na undugu na amri za watawala wa mabavu aliowakimbia. Akarudia mipangilio ya kale pale ilipofaa, na kati ya mwaka 1947 na 1949 alivisanifu upya vitabu vya Penguin huko Uingereza kwa heshima kubwa ya desturi. Fundisho lake la pili halikufuta la kwanza. Lilionyesha mpaka wake. Mlango wa kinyozi na upambwe. Lakini kipimo cha dawa, tarehe ya chanjo, bei ya kilo na onyo la kona visipambwe, kwa maana hapo msomaji hakuja kustarehe.

Mpaka huo una uzito wa pekee katika nchi yetu. Kwa hesabu za serikali, mwaka 1967 watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Na kufikia mwaka 1986 wasiojua kusoma walikuwa chini ya 10 katika kila 100. Watu waliketi chini ya miti na ndani ya makanisa baada ya kazi za shamba, mikono ikiwa na udongo, wakafuatisha a, e, i, o, u. Baadhi yao wangali hai katika vijiji vya Rungwe. Wanasoma polepole, kwa midomo, wakishika neno moja baada ya jingine. Mzee wa namna hii anaposimama mbele ya tangazo lenye aina sita za herufi, rangi ya manjano juu ya nyeupe, na habari yake imefichwa chini ya nembo, hasemi kuwa tangazo ni baya. Husema, «Macho yangu yamechoka,» au «Elimu yangu ni ndogo.» Aibu ya mchapaji inageuka kuwa aibu ya msomaji. Hiyo ndiyo dhuluma niliyoitaja mwanzoni, nayo ni dhuluma isiyo na kelele, kwa kuwa aliyedhulumiwa hujilaumu mwenyewe.

Neno la tahadhari halina budi kuongezwa. Uwazi wa herufi si ukweli wa habari. Bango lililopangwa kwa ustadi wote laweza kubeba uongo, na kwa sababu limepangwa vizuri uongo huo utafika upesi zaidi. Kwa hiyo mhakiki ana maswali mawili, wala moja halilijibu jingine: je, bango limesema kwa uwazi? Na je, lililosemwa ni kweli? Afadhali hata hivyo uongo ulioandikwa waziwazi, maana waweza kushikwa na kukanushwa, kuliko ukweli uliozikwa mahali asipoweza kuufikia aliyeuhitaji.

Napendekeza basi kuwa idara zetu za Kiswahili zitenge saa chache za kusoma mabango. Mwanafunzi apewe tangazo la kweli kutoka zahanati au ghala la ushirika, alihesabu kama anavyohesabu beti: maneno mangapi, aina ngapi za herufi, kipi husomwa kwanza, kipi kingeweza kuondolewa. Kisha aliandike upya, alibandike umbali wa hatua kumi, na amwombe mtu mwenye umri wa bibi yake alisome kwa sauti. Bibi akikwama, tangazo lirudi mezani.

Lugha yetu imesifiwa kwa utamu wake masikioni, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini Mswahili wa leo huikuta lugha yake kwa macho mara nyingi kama anavyoikuta kwa masikio, juu ya bati lenye kutu, juu ya turubai lililopigwa na mvua, mgongoni mwa kanga inayopotea katika ukungu wa asubuhi. Maadamu huko ndiko inakosomwa, huko nako inastahili wahakiki.